Maandiko 47, walezi wanne: tuanze kuchagua wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mratibu wa mradi mdogo wa programu huria unaosaidia zahanati kutunza kumbukumbu za dawa: zilizoingia, zilizotoka, zinazokaribia kuisha muda. Mwaka huu tumekubaliwa kwa mara ya kwanza kwenye Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa wageni katika programu huria wafanye mradi chini ya walezi. Tulitangaza mawazo sita ya miradi, tukapokea maandiko 47 ya waombaji wanaotaka kuifanya, na 19 kati ya hayo yanataka kujenga dashibodi ya takwimu. Walezi tuko wanne: wawili Arusha, mmoja Nairobi, mmoja Ujerumani. Tumebishana wiki nzima juu ya waombaji watatu. Wa kwanza, wa dashibodi, ameandika kurasa 16 zenye michoro ya kuvutia, lakini hajagusa msimbo wetu hata mara moja. Wa pili ni binti wa chuo kule Mwanza. Andiko lake lina kurasa tatu, ila ametuma viraka viwili vidogo, yaani marekebisho ya msimbo, na vyote tumevipokea. Wa tatu yuko Pune, India, naye ana ujuzi wa kutuzidi baadhi yetu. Mwenzangu mmoja anasema tuombe nafasi sita ili kila wazo lipate mtu. Mwingine anataka vijana wa nyumbani wapewe kipaumbele. Tuchague vipi?
Mratibu, Arusha

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa kukubaliwa. Sasa naomba hayo maandiko 47 uyafunge kwanza. Nakisia umeshayasoma mara mbili na una jedwali la alama lenye safu kumi na kitu. Mimi pia mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalo, na safu mojawapo iliitwa "Ubunifu". Hadi leo sijui tulikuwa tunapima nini.

Chukua karatasi tupu uandike majina manne ya walezi. Mbele ya kila jina andika saa anazoweza kutoa kila wiki kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Septemba. Usiandike saa anazotamani kutoa. Andika zile zinazobaki baada ya ajira, watoto, misiba na harusi. Kwa uzoefu wangu mshiriki anayeanza anakula saa tano za mlezi kwa wiki, na zile wiki mbili za mwanzo anaweza kula nane. Mlezi anayesema "nitakuwa napitapita" mwandikie sifuri. Halafu muulize yule wa Ujerumani swali moja tu: Agosti utakuwa wapi? Wenzetu wa Ulaya wengi huenda likizo mwezi huo, na Agosti ndipo mradi wa miezi mitatu unapofika pabaya.

Kila mradi uwe na walezi wawili, mmoja akiugua au akihamishwa kazi mwingine ashike usukani. Walezi wanne, wawili wawili, ni miradi miwili. Hesabu imekwisha na bado hatujamtaja mwombaji hata mmoja.

Kwa hiyo mwenzako wa nafasi sita mjibuni kwa karatasi hiyo. Mfumo wa Google utakutaka uandike nafasi chache kabisa mnazozihitaji na nyingi kabisa mnazozimudu, kisha wao wanagawa kulingana na walichonacho. Ninyi andikeni moja na mbili. Mpango huu ulipoanza mwaka 2005, Google walikuwa wamekusudia nafasi 200. Wakapokea maandiko 8,740, wakalegea wakafika 419. Wao walikuwa wanagawa fedha, na fedha zikitakiwa huongezwa. Ninyi mnagawa jioni zenu. Na katika hao 419 wa mwaka ule, karibu mmoja kati ya watano hakumaliza.

Sasa rudi kwenye yale mawazo sita, bado si kwa waombaji. Jiulizeni: lipi kati ya haya, lisipofanyika mwaka huu, kuna mtu zahanati atakayelalamika? Dashibodi imevuta watu 19 kwa sababu ndiyo rahisi kuifikiria. Mtu anaweza kuiandikia kurasa 16 bila kuisimika programu yenu kwenye kompyuta yake, maana grafu ni grafu popote. Lakini muuguzi anayehesabu makopo ya amoksilini jioni kwa mwanga wa simu hana shida na grafu ya duara. Shida yake ni programu kupoteza alichokwisha kuandika umeme ukikatika. Kama kati ya mawazo yenu sita kuna la kuhifadhi kumbukumbu bila mtandao na kuzioanisha baadaye, au la kuonya mapema juu ya dawa zinazokaribia kuisha muda, hayo ndiyo ya kwanza hata kama yameombwa na watu watatu tu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao bila shaka mnaufahamu, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika huduma za VVU chini ya AMPATH, mpango wa afya wa huko Kenya, na mwaka uliofuata tu wakaingia Summer of Code. Wanafunzi wao waliandika kitu ambacho tayari kulikuwa na kliniki ya kukikataa. Ninyi pia mna zahanati za kuwakatalia. Itumieni bahati hiyo.

Kipimo cha pili cha wazo: je, linavunjika vipande? Nitakueleza kosa langu, kwa kuwa lilinigharimu msimu mzima. Tulimchagua kijana hodari kuandika upya injini ya utafutaji ya programu yetu, yote, kutoka mwanzo. Alifanya kazi kweli, sina neno naye. Ila alifanya kwenye tawi lake peke yake, yaani nakala ya kando ya msimbo, na kila nilipomuuliza alinijibu "bado kidogo mwalimu, nikamilishe kwanza". Wiki ya mwisho akaleta mistari zaidi ya 11,000 kwa mpigo. Nani ataisoma? Tulimpitisha kwa sababu alistahili, na lile tawi liko vilevile hadi leo, halijawahi kuunganishwa kwenye shina, yaani msimbo mkuu. Kosa lilikuwa langu siku ya kuchagua. Wazo lenyewe halikuwa na mahali pa kusimama katikati.

Ndiyo, wapo waliofanikiwa na mambo makubwa. Mwaka 2010 mwanafunzi aliyekuwa chini ya mradi wa Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, aliichukua libgit2, maktaba ya programu iliyoanzishwa mwaka 2008 na ambayo ilikuwa bado changa, akaisukuma hadi ikawa kitu cha kutegemewa na GitHub wenyewe, tovuti ya kuhifadhi msimbo. Lakini maktaba ya namna ile hujengwa kitendaji kimoja, yaani kipande kidogo cha msimbo chenye kazi yake, baada ya kingine. Ukiishia nusu, nusu hiyo inafanya kazi. Wazo lenu likatwe hivyohivyo. Kufikia tathmini ya katikati kuwe kuna kitu ambacho kimeshaingia kwenye shina na muuguzi anakitumia, hata kama mshiriki akitoweka kesho yake.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Mwaka 2021 miradi ilikatwa ikawa ya saa 175, mwaka 2022 ukarudishwa uchaguzi wa saa 350, na tangu 2024 kuna ya saa 90 pia. Kwa mwaka wa kwanza chukueni ya 175. Ile ya 90 inaonekana nyepesi, ila mlezi hutumia karibu muda uleule kumzoesha mtu.

Haya, sasa fungua maandiko.

Utashangaa mangapi yanaanguka yenyewe. Yaliyolenga mawazo mliyoyaweka kando yanabaki nje kwanza, na hapo 47 huenda zimekuwa kumi na mbili. Katika hizo, anza na ratiba, utangulizi utausoma baadaye. Mimi sijayaona maandiko yenu, lakini ratiba zilizo nyingi huja hivi:

"Wiki ya 3 na 4: kutekeleza sehemu ya nyuma. Wiki ya 5 na 6: kutekeleza sehemu ya mbele. Wiki ya 7: majaribio. Wiki ya 8: kuboresha utendaji na nyaraka."

Badilisha jina la programu, ratiba hiyo itafaa duka la viatu. Sasa hii hapa nimeifananisha na ya mwombaji niliyempokea miaka iliyopita:

"Wiki ya 3: nitaanza na fomu ya kupokea dawa pekee, kwa sababu niliigusa kwenye kiraka changu cha kwanza na nimeona kwamba programu ikizimwa katikati ya kuhifadhi, mstari wa mwisho unapotea bila onyo. Fomu ya kutoa dawa inaonekana ina tatizo hilohilo ila sijathibitisha. Wiki ya 6 nina mitihani ya chuo (UE), sitafanya kazi kwa siku nane."

Ya pili imeandikwa na mtu aliyekaa na msimbo. Ameandika asilolijua ("sijathibitisha"), ameandika mitihani yake. Waombaji wengi huficha mitihani wakidhani itawashusha. Mimi andiko la mwanafunzi wa vyuo vyetu lisilotaja mitihani wala mafunzo kwa vitendo linanitia wasiwasi, kwa sababu najua Julai ina nini. Muulizeni kila mmoja, na atakayejibu ukweli msimkate alama. Mitihani inapangiwa, kinachoharibu mradi ni kuijua siku ambayo mtu amezima simu yuko chumba cha mtihani.

Kisha viraka. Hapa nitakaa kidogo, maana kama ningeruhusiwa kusoma kitu kimoja tu kwa kila mwombaji, ningeacha andiko nikasome majibizano yaliyo chini ya kiraka chake. Kiraka chenyewe kinaweza kuwa cha kurekebisha tahajia, haijalishi. Tazama kilichotokea baada ya mlezi kutoa maoni. Tuseme mmoja wenu alimwandikia: "Hii itaharibika kama jina la dawa lina alama ya nukuu." Kuna atakayenyamaza siku tisa. Kuna atakayejibu "Asante sana, nimerekebisha", ukifungua unakuta amebadilisha mstari uleule ulioutaja na basi. Na kuna atakayerudi na jaribio linaloonyesha kosa, marekebisho yake, na sentensi moja chini: "Nimeona fomu nyingine mbili zina kasoro hiihii, nizirekebishe humu au nilete kiraka kingine?" Ukimpata huyo wa mwisho acha kutafuta. Alama za chuo chake hazina la kuongeza.

Outreachy, mpango mwingine wa ulezi ambao mizizi yake ni mpango wa mwaka 2006 kwa wanawake ulioendeshwa na GNOME, mradi wa programu huria, wao wamelifanya hili kuwa sharti: hakuna kuchaguliwa bila kuwa na mchango uliorekodiwa katika mradi unaouomba. Google hawalazimishi, lakini hawakukatazi. Mwakani liandikeni wazi kwenye ukurasa wa mawazo tangu Februari, na kila wazo liwe na kazi ndogo ya kuanzia. Mtapokea maandiko machache na mtalala mapema.

Yule wa kurasa 16 usimhukumu bado. Inawezekana hakujua mnataka viraka, kwa kuwa hamkusema. Inawezekana pia kurasa zile zimeandikwa na akili mnemba. Siku hizi andiko laini lisilo na kosa hata moja la lugha halinithibitishii chochote, wala simlaumu mtu kwa kutumia chombo. Mwandikie swali moja ambalo jibu lake limo ndani ya programu yenu tu: "Leo hii mtu akifuta dawa ambayo tayari ina historia ya matumizi, programu inafanya nini, na unaona ingepaswa kufanya nini?" Mpe siku tatu. Aliyeisimika na kuijaribu atakujibu kwa mistari minne. Asiyeijaribu atakujibu kwa aya sita zinazoanza na umuhimu wa usalama wa data katika sekta ya afya.

Wale watano au sita watakaobaki, zungumza nao kwa dakika ishirini kila mmoja. Kwa maandishi inatosha. Msiwalazimishe kuwasha kamera. Mwenye bando la kuhesabu atakatika mara tatu, na wewe bila kukusudia utakuwa umempima mtandao wake. Swali langu kubwa huwa hili: "Wiki hii ni kitu gani kilikukwamisha, na ulifanyaje?" Asiyekuwa na jibu ama hakufanya kitu, ama anaona aibu kusema.

Na hiyo aibu ndiyo nataka tuizungumze, maana ni ya kwetu zaidi kuliko ya Pune. Kijana aliyelelewa kuamkia wakubwa na kutowasumbua anapokwama hunyamaza. Kwake ni adabu. Anajiambia nitajaribu tena kesho, mwalimu ana kazi nyingi. Siku mbili zinakuwa tano, siku ya kumi anaona haya hata kufungua gumzo kwa sababu sasa itabidi aeleze alikuwa wapi. Nimewapoteza wawili kwa njia hii, na wote walikuwa na uwezo. Tulidhani wameacha, wao walidhani tumewakasirikia. Siku hizi siku ya kwanza kabisa namwambia mtu: ukikwama saa mbili, niandikie, kunisumbua ndiyo kazi uliyoajiriwa. Kisha namuuliza mwenyewe kila Jumatatu na Alhamisi, sisubiri aje. Katika kuchagua, basi, tafuteni dalili kwamba mtu huyu anaweza kuuliza. Swali la kijinga lililoulizwa hadharani mwezi Machi lina thamani kuliko ukimya wenye heshima.

Hilo linanileta kwenye hoja ya vijana wa nyumbani. Mimi singeweka kipaumbele cha uraia. Waombaji wote wamekuja kwa masharti yaleyale, umri wa miaka 18 na kuendelea, wageni katika programu huria, na anayeachwa kwa ajili ya pasipoti yake atajua. Lakini kumpima kila mtu kuanzia pale aliposimama hakuitwi upendeleo. Binti aliyepakua msimbo wenu usiku kwa bando la bei nafuu, akausimika kwenye kompyuta ya kuazima, na bado akaleta viraka viwili, amefanya safari ndefu kuliko mwenye intaneti ya chuo isiyokatika. Tena kuna hoja isiyohusu huruma hata kidogo: yeye anaweza kupanda daladala akaenda kuiona zahanati. Programu yenu inahusu zahanati. Hiyo ni sifa ya kikazi, iandikeni kama sifa ya kikazi, na yeyote mwenye nayo aipate, awe Mwanza au Pune.

Ujuzi wa yule wa Pune usiwatishe wala usiwalewe. Tangu 2022 mpango uko wazi hata kwa wasio wanafunzi, kwa hiyo si ajabu kumpata mtu aliyeajiriwa miaka minne lakini hajawahi kufanya kazi hadharani na watu asiowajua. Anachohitaji kutoka kwenu ni mazoea ya jumuiya, na hayo mnaweza kumfundisha hata akiwazidi katika Java, lugha ya kuandikia programu. Ninachokiangalia kwake ni kimoja: alipokosolewa alifanyaje? Hodari asiyekubali kukosolewa atawaachia mistari 11,000.

Mambo machache ya utaratibu yasije yakawaponza. Mwombaji anaruhusiwa kutuma hadi maandiko matatu, kwa hiyo mnayempenda anaweza kuwa anapendwa na shirika jingine pia, na atachukuliwa na mmoja tu. Muwe na wa akiba, ila awe mtu ambaye mngemchukua hata angekuwa peke yake. Kama hayupo, nafasi irudi kwa Google, hakuna aibu. Pili, funga mdomo. Hamruhusiwi kumwambia mwombaji amepita au hajapita kabla ya Google kutangaza, hata kwa "usijali dada, mambo mazuri". Tatu, saa zao za mwisho huandikwa 18:00 UTC (saa za kimataifa), ambayo kwetu ni saa tatu usiku. Namfahamu mratibu aliyeisoma kama saa kumi na mbili jioni na akawahi. Aliyeisoma kinyume chake pia namfahamu.

Wale mtakaowaacha, hasa kumi wa juu, waandikieni mstari mmoja mmoja wa kweli: kiraka chako kilikuwa kizuri, ratiba haikuonyesha kama uliiendesha programu. Google watawatumia barua yao, lakini haitawaambia hilo. KDE, jumuiya nyingine ya programu huria, wana Season of KDE, msimu wao wenyewe unaowapa nafasi waliokosa. Ninyi bado wachanga kwa hayo, ila hakuna kinachowazuia kumwachia mtu kazi ndogo na mlango wazi.

Kwa hao watatu wenu, kwa nilichosoma kwenye barua yako: binti wa Mwanza awe wa kwanza, kwenye wazo la kuhifadhi bila mtandao kama lipo, alelewe na mmoja wa Arusha na yule wa Nairobi. Wa Pune awe wa pili, kwa sharti kwamba mwenzenu wa Ujerumani athibitishe Agosti kwa maandishi. Asipothibitisha, ombeni nafasi moja tu. Wa kurasa 16 mpelekeeni lile swali la dawa iliyofutwa leo usiku. Akijibu vizuri kuliko ninavyotarajia, niandikie tena, tutalitazama upya jina la pili.